Kubadilisha Mbabula: Fundi Yupi Tumpe Kazi?

Juma hili tunashika ulizo moja ambalo limezunguka sana katika vikundi vyetu: “Tunataka kubadilisha mbabula ya nyumbani. Mafundi ni wengi, na kila mmoja anasema ya kwake ndiyo bora. Tutamjuaje fundi wa kweli?”

Ni ulizo la maana. Watu wa nchi za baridi, kama Ulaya na Kanada, wanapobadilisha mtambo wa kupasha nyumba moto, wanaita fundi, anakagua nyumba, anaandika bei na kutoa dhamana. Sisi hapa Kindu hatuna mitambo hiyo, jua linatutosha. Lakini moto wetu wa nyumbani ni mmoja tu: huo huo unapika sombe, unachemsha maji ya mtoto, na unapasha chumba cha mama aliyejifungua usiku wa mvua. Tunaununulia makala kila siku. Hakuna mtu anayenunua kinga bila kuzungusha gurudumu na kujaribu breki, lakini mbabula tunaichukua sokoni kwa kutazama rangi na kupunguza bei.

Neno letu la juma hili ni hili: usichague mbabula, chagua fundi. Na fundi hapimwi kwa mbabula mpya anayokuonyesha. Anapimwa kwa ile ya zamani aliyomwachia mwenzako.

Ujue moto wako kwanza

Kabla ya kumwita fundi yeyote, pima makala yako kwa siku saba. Azima mzani kwa mama muuza unga. Asubuhi weka ndani ya ndoo makala unayofikiri yatatosha siku nzima, pima, andika. Usiku, moto ukizimika, pima yaliyobaki, andika tena. Tofauti yake ndiyo iliyoliwa na mbabula siku ile. Asiye na mzani atumie kopo moja lile lile, alijaze sawasawa kila mara. Makala yaliyonyeshewa yanadanganya mzani, basi yakauke kwanza.

Kazi hii ndogo ina faida kubwa. Tuseme mfuko mmoja unakutosha siku 20. Mbabula mpya ikipunguza makala kwa robo, mfuko ule ule utafika karibu siku 27. Ikipunguza kwa theluthi, utafika siku 30. Fundi akikuambia “nusu”, maana yake amekuahidi siku 40. Sasa ahadi yake unaweza kuihesabu kwa kalenda, na siku ya kumdai una namba mkononi.

Andika pia mambo matatu mengine: ukubwa wa sufuria yako ya kila siku, mahali unapopikia, na kama unatumia makala au kuni. Hayo ndiyo yatakuonyesha fundi wa aina gani unamhitaji. Mbabula ya makala ni kazi ya watu wawili, mfua vyuma na mfinyanzi. Jiko la kuni linalojengwa kwa udongo mahali pake ni kazi ya mtu anayejua kujenga, hasa likiwa na bomba la moshi. Bomba likipita katika paa la majani, lisiguse majani hata kidogo, litokeze juu ya paa, na liwe na mahali pa kufungua ili masizi yatolewe. Fundi ambaye hasemi habari ya masizi hajawahi kurudi kuona jiko alilolijenga.

Siri iko ndani

Mbabula ya chuma kitupu inapoteza moto mwingi kwa pembeni. Ukikaa karibu nayo unaungua miguu kabla maji hayajachemka. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya walianza kutengeneza jiko la makala lenye tumbo la udongo ndani ya ganda la chuma. Wazo lilitoka kwenye majiko ya ndoo ya Thailand. Mafundi wa Shauri Moyo, mjini Nairobi, walikuwa kati ya wa kwanza kulifanyia kazi, na jiko likapata umbo la kiuno: juu pana, katikati pembamba, chini pana ili lisipinduke. Udongo unazuia moto usikimbilie pembeni, nao unabaki chini ya sufuria. Jiko la namna hiyo likitengenezwa vizuri hupunguza makala kwa theluthi hivi, na pengine zaidi. Leo majiko ya ukoo huo yanaonekana Uganda, Rwanda, na kwetu hapa Congo.

Lakini Wakenya walijifunza na jambo la pili. Jiko lilipopata jina, waigaji walifuata. Umbo likawa lile lile na rangi ile ile, lakini chuma kilikuwa chembamba na udongo haukuchomwa vya kutosha. Ukiyapanga mawili sokoni, jicho haliwezi kutofautisha. Kwa hiyo muulize fundi, kwa upole na bila kumfokea, maulizo haya.

Chuma kimetoka wapi? Chuma kinene cha pipa la mafuta hudumu kuliko manjanja mabovu yaliyotolewa kwenye paa. Bonyeza kwa kidole gumba: kikibonyea leo, mwaka ujao kitakuwa matundu.

Udongo umechanganywa na nini, umekauka wapi, umechomwa namna gani? Anayeijua kazi atakuambia bila kufikiri: udongo unachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke, unakaushwa kivulini polepole, halafu unachomwa katika tanuru. Akikuambia aliuanika juani na “moto wa mama utauchoma wenyewe”, mshukuru na uende zako. Omba kipande cha udongo wake, kilaze ndani ya maji usiku mzima. Asubuhi kikiwa potopoto, haukuchomwa. Halafu gonga tumbo la mbabula kwa kidole: udongo mzima hulia kama chungu kizima, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mlango wa hewa unafunga? Mbabula isiyo na mlango unaofunga vizuri haina breki. Maharagi yakishachemka unataka moto mdogo, lakini makala yanaendelea kuwaka kwa nguvu na feza yako inaondoka nayo.

Sufuria yangu inakaaje? Nenda na sufuria yako mwenyewe. Ikikaa mbali sana na makala, moto unapita pembeni. Ikiziba kabisa, moto unakosa hewa na kufa. Tena iwe imara: siku ya kusonga bugali, mbabula isitembee.

Ingia jikoni kwa wenzako

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi anayekufuata nyumbani mara tatu na kukuambia bei inaisha leo, mwache atembee. Mwambie tu hivi: “Baba fundi, nionyeshe nyumba tatu zenye mbabula zako, moja iwe imemaliza mwaka na zaidi.” Akiwa na kazi nzuri atafurahi, maana mbabula hizo zinamsemea. Akianza kusema wateja wake wamehama wote, umeshapata jibu.

Nenda bila yeye. Mbele ya fundi hakuna mama atakayesema ubaya, ni heshima yetu. Mkiwa wawili jikoni, uliza: Mfuko wa makala ulikuwa unafika siku ngapi, na sasa unafika ngapi? Kitu gani kiliharibika kwanza? Ulipomwita alikuja, au alikuja akitaka feza nyingine? Ulizo hilo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Udongo wa mbabula hata uwe mzuri namna gani, siku moja utachoka. Fundi mzuri anarudi kubadilisha tumbo la udongo na kukuachia ganda lile lile la chuma. Fundi mbaya anataka ununue mbabula nzima.

Tazama kwa macho pia. Mbabula ambayo mwenyewe ameirudisha chini ya kitanda na kurudia mafiga matatu inasema mengi. Pengine haikupasuka, ila ilikuwa ndogo kwa sufuria ya watoto wanane.

Mpe mtihani wa maharagi

Fundi anayeijua kazi yake hakatai mtihani. Chukueni maharagi ya mfuko mmoja, gawanyeni sawasawa kwa kipimo kimoja, maji sawasawa, sufuria mbili zinazolingana, vifuniko vyote viwili. Moja ipikwe kwenye mbabula yako ya zamani, nyingine kwenye ya fundi, siku moja, mahali pamoja, na mpishi mmoja azisimamie zote mbili. Pimeni makala kabla ya kuwasha, na baada ya kuiva zimeni na kupima yaliyobaki. Andikeni na saa. Mbabula inayokula makala machache lakini inakucheleweshea chakula saa moja zaidi, ujue kabla ya kuilipia.

Huu ni mtihani wa nyumbani, hauhitaji mwalimu. Na mwenye kupika ndiye mwenye kuchagua. Baba wa watoto akitaka kuleta mbabula bila kukuuliza, usimgombeze. Mwonyeshe karatasi yako ya siku saba na karatasi ya maharagi. Mwanaume ambaye hakusikiliza habari ya moshi atasikiliza habari ya siku 20 kuwa siku 30.

Ulizo la chumbani

Sasa tunafika penye roho za watu. Muulize fundi, kama mtu asiyejua: “Mbabula hii naweza kulala nayo chumbani na mtoto, sababu haitoi moshi?” Akijibu ndiyo, usimpe kazi, hata kama ni fundi wa kwanza mjini.

Makala yaliyoiva yakawa mekundu hayatoi moshi, lakini yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inaitwa monoksidi ya kaboni. Inaingia katika damu na kukaa pale ambapo hewa safi ingekaa. Katika chumba kilichofungwa mlango na dirisha, watu wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu, wanatapika, miguu inalegea, halafu wanalala usingizi wasioamka. Kwa mama mwenye mimba, mtoto tumboni anaumia pia. Mbabula bora inapunguza makala, haiondoi gesi hiyo. Basi ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na moto umo ndani, toeni watu wote inje kwanza, kisha kituo cha afya.

Najua wengi wetu tunawasha mbabula chumbani kwa ajili ya mama mzazi na mtoto wake, hasa mvua ikinyesha usiku. Upendo ni mzuri, lakini njia ni ya hatari. Mtoto mchanga apashwe moto kwa mwili wa mama: avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, halafu wote wawili wafunikwe kitenge na blanketi. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Colombia, waganga wa hospitali walianza kuwalea hivyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo Shirika la Afya Duniani (OMS) linaishauri njia hiyo. Haina makala wala fundi.

Na moshi wa kuni nao si rafiki. OMS inahesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu zaidi ya milioni 3 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika anavuta kile anachovuta mama. Fundi anayesema “pikieni mahali penye hewa, wekeni dirisha upande wa pili” anawajali. Wa namna hiyo shikeni.

Karatasi, avansi na shemeji

Mkikubaliana, andikeni karatasi, hata iwe ya daftari la mtoto. Iandikwe: ukubwa wa mbabula, chuma cha namna gani, bei, siku ya kuileta, bei ya kubadilisha tumbo la udongo siku za mbele, na muda ambao likipasuka analibadilisha bure. Wote wawili watie sahihi au kidole, na shahidi mmoja.

Avansi itolewe, maana fundi ananunua chuma na kuni za tanuru. Kumnyima kabisa ni kumlazimisha akope au atumie manjanja mabovu. Lakini usilipe yote. Sehemu moja anapoanza, sehemu anapoileta, na kipande cha mwisho baada ya majuma mawili ya kupika. Tena tusipunguze bei hadi fundi abaki bila faida. Mama anayeshangilia kwamba amempiga fundi bei mara nyingi amenunua chuma chembamba bila kujua.

Na tuseme jambo ambalo hatupendi kulisema. Mara nyingi fundi ni shemeji, au mtoto wa dada, au mtu wa kanisa moja. Kumkataa ni shida, na kumdai ni shida zaidi. Dawa yake ni kanuni iliyowekwa kabla ya jina kutajwa: kila fundi anapita nyumba tatu, maharagi, ulizo la chumbani na karatasi. Shemeji akipita, Mungu asifiwe, feza imebaki katika ukoo. Asipopita, si wewe uliyemkataa, ni maharagi.

Tukichagua pamoja

Mama mmoja peke yake ana sauti ndogo mbele ya fundi. Wamama ishirini wa likelemba moja ni mteja ambaye hakuna fundi anayetaka kumpoteza. Lakini msiagize ishirini siku moja. Nunueni moja kwa feza ya kikundi, ipikie mwezi mzima katika nyumba yenye sufuria kubwa, kisha mkutano uisikilize mama mwenye nyumba hiyo. Ikifaulu, agizeni chache chache kwa zamu, na kila moja ikaguliwe: igongwe, mlango ufungwe, sufuria iwekwe juu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mbabula ya kumi na tano ndiyo hutengenezwa usiku kwa haraka. Rais wa kikundi asiwe peke yake katika kuchagua wala kulipa, wawe watatu, na karatasi zisomwe mbele ya wote.

Halafu tufikiri mbele zaidi. Kule Kenya, shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililoanzishwa mwaka 1952, katika miaka ya 1980 lilieneza vijijini jiko la kuni lenye tumbo la udongo. Vikundi vya wamama wa magharibi ya Kenya wakajifunza kufinyanga matumbo hayo, kuyachoma, kuyauza na kuyajenga katika jiko za wenzao. Walianza kama wateja, wakawa mafundi wenyewe. Hata kwetu wapo wamama wanaojua udongo kwa vidole vyao. Kikundi chenye mfinyanzi mmoja na mfua vyuma mmoja mwaminifu kina kazi mkononi, si mbabula tu.

Kazi ya juma hili

Kila mama apime makala siku saba, kuanzia siku atakayosoma karatasi hii, na kuleta namba zake mkutanoni. Asiyejua kuandika aseme, mtoto wa shule aandike. Kila kikundi kilete pia majina ya nyumba tatu zenye mbabula iliyomaliza mwaka, ili tuzitembelee wawili wawili. Fundi tutamtaja baada ya hapo, si kabla.

Mbaki na amani, na madirisha yafunguliwe.